Viatu Safi vya Jumamosi

Sikuviona viatu vya Dira. Nilivitazama, lakini sikuviona. Kwa Jumamosi kadhaa alisimama mlangoni kwangu, akaniambia kuwa ametoka nyuma ya kanisa la kale, na viatu vyake vilikuwa safi kama vimetoka kusuguliwa. Nyuma ya kanisa lile kuna udongo mwekundu unaonata mithili ya gundi, hasa msimu wa mvua. Hakuna anayepita pale akatoka bila kuubeba miguuni. Mimi nilimtazama usoni, nikamshukuru, nikarudi kusahihisha madaftari.

Dira halikuwa jina lake la nyumbani. Tulimwita hivyo darasani kwa sababu hakuwahi kupotea njia, hata mahali ambapo hajawahi kufika. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwembamba, mwenye maneno machache na mwandiko mzuri. Ninafundisha historia, na mwaka ule nilitaka wanafunzi wangu walijue kanisa la kale la kijiji chetu kwa macho na mikono yao, si kwa kunakili ubaoni. Ndipo nilipowaanzishia mchezo wa kusaka makopo.

Mchezo wenyewe ni rahisi. Mtu huficha kopo lenye kifuniko cha kubana mahali penye jambo la kujifunza. Kisha huandika kwenye simu namba zinazoonyesha mahali hapo ulimwenguni. Msakaji huzifuata namba hizo kwa simu yake hadi zimfikishe karibu, halafu hutumia macho na akili. Akilipata kopo, huandika jina lake kwenye karatasi iliyomo. Akichukua kitu kidogo, kama gololi au beji, sharti aache kingine. Kisha hulirudisha kopo palepale alipolikuta. Kanuni kubwa kuliko zote inamhusu aliyelificha: sharti alikague kila wiki, aone kwamba lipo na kwamba njia ya kulifikia ni salama.

Niliwagawa wanafunzi katika makundi mawili, wafichaji na wasakaji. Dira alikuwa mfichaji, na kopo lake lilikuwa gumu kuliko yote. Alilichomeka kwenye ufa wa ukuta wa nyuma wa kanisa, chini ya dirisha dogo la mawe. Hakuna msakaji aliyekuwa amelipata, na jambo hilo lilimkosesha usingizi mvulana aliyekaa naye dawati moja.

Huyo tulimwita Kinanda. Mdomo wake haukujua kunyamaza. Asipozungumza, alipiga mluzi.

"Wee Dira, hebu nidokezee kidogo tu," alimwambia siku moja nikiwa nafuta ubao. "Kopo liko juu au chini?"

"Liko mahali lilipo."

"Jibu gani hilo? Hata mbuzi angenijibu hivyo."

"Basi kamwulize mbuzi."

Darasa zima lilicheka, na Kinanda alicheka kuliko wote. Alitoa mfukoni kifungo kikubwa cha bluu, cha koti, alichokiokota chini ya cherehani ya mama yake.

"Mnakiona hiki? Nitakiacha ndani ya kopo la huyu bibi mkubwa, ajue kwamba mwanamume alifika."

"Mwanamume yupi?" Dira aliuliza, akigeuka kutazama mlangoni kama anayemtafuta.

Hivyo ndivyo walivyokuwa. Nayaeleza haya ili msomaji ajue kwamba hawakuwa maadui. Hakuna aliyemtakia mwenzake mabaya.

Mtunza kanisa alikuwa mzee tuliyemwita Babu Kengele. Kazi yake ilikuwa kufagia, kufungua milango na kupiga kengele ya mnara, ambayo kamba yake nene aliipaka nta kila mwezi asije mtu akasema imeoza mikononi mwake. Lakini mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili. Aliweza kutambua mlango na njia. Uchakavu wa ubao hakuweza kuuona. Alipopata habari za kopo, alimwita Dira.

"Mjukuu wangu," alisema, "macho yangu siku hizi yananibahatishia tu. Ukizunguka huko nyuma kukagua kopo lako, niangalizie na mbao zinazofunika kile kisima cha zamani cha maji ya mvua, karibu na dirisha. Zikianza kuoza, niambie nimwite seremala."

"Sawa, Babu."

"Usije ukanisahau."

"Sisahau, Babu."

Na kweli, kwa muda mrefu hakusahau. Alikwenda kila Jumamosi alasiri, akakagua kopo, akazigonga mbao kwa fimbo, akapita kwa Babu Kengele kumpa habari, kisha akaja kwangu. Siku hizo viatu vyake vilikuwa na tope hadi kwenye kamba. Namkumbuka akivivua barazani kwangu na kuvikung'uta ukutani.

Mvua zilipoanza, kaka yake Dira aliugua homa. Alikuwa amemzidi miaka minne tu, na ndiye aliyemfundisha kupanda baiskeli na kusoma ramani. Alilazwa Jumatatu, na kabla ya wiki kwisha tulikuwa tumemzika. Tulimzika nyuma ya kanisa, kwa kuwa upande wa mbele umejaa makaburi ya watu wa zamani. Kaburi lake lilikuwa la mwisho katika mstari, kando kabisa ya kijia kinachokwenda kwenye dirisha dogo la mawe.

Nilihudhuria mazishi yale. Nilisimama juu ya kijia chenyewe. Hata hivyo, Dira aliporejea shuleni nilimwuliza swali moja tu.

"Utaendelea kulitunza kopo lako, au nimpe mwingine?"

Aliikunja na kuikunjua kona ya daftari lake.

"Nitaendelea, Mwalimu."

Nilifurahi. Nilidhani kazi ingempoza moyo. Sikufikiri kwamba ili aifanye, angelazimika kupita kila wiki pembeni mwa kile kifusi kibichi cha kaburi.

Jumamosi ya kwanza alifika hadi kwenye kona ya kanisa, akakiona kifusi, na miguu ikakataa. Jumamosi ya pili hakufika hata kwenye lango. Hayo aliniambia baadaye. Wakati ule alichoniambia ni kile alichokuwa akikisema siku zote: "Nimekagua. Kopo lipo, na mbao ziko sawa." Babu Kengele naye aliambiwa hivyohivyo, akamwombea baraka. Mvua ikaendelea kunyesha juu ya mbao ambazo sasa hakuna jicho lililokuwa likizitazama.

Ikafika Jumamosi nyingine. Mvua ilikuwa imekatika mchana, na mawingu meusi yalikuwa yakijikusanya upya. Dira alikuja alasiri kama kawaida, akatoa taarifa yake, akaniomba maji ya kunywa. Alikuwa bado na kikombe mkononi mama yake Kinanda alipoingia uani kwa hatua za haraka, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni.

"Mwalimu, mwanangu yuko hapa?"

"Hayupo, Mama Kinanda. Kwani kuna nini?"

"Alitoka tulipokuwa tukila. Amechukua simu ya mjomba wake, akasema anakwenda kusaka hilo kopo lenu lililowashinda watu. Nilimwambia awahi kurudi anipelekee nguo za wateja. Nikipiga, simu haipatikani."

"Peke yake?" niliuliza, kwa maana kanuni yetu kwa wasakaji ilikuwa kwenda wawili.

"Mwenzake alikuwa anafua. Huyu wangu anajua kusubiri?"

"Basi usiwe na hofu, atakuwa kanisani." Nikamgeukia Dira. "Wewe umetoka huko sasa hivi. Ulimwona?"

Leo ninajua kwamba pale palikuwa na mlango wazi, na kwamba kuupita kungemgharimu neno moja tu. Lakini mama mtu alikuwa akimtazama, nami nilikuwa nikimtazama, na nyuma ya neno hilo zilikuwa Jumamosi zote zilizotangulia.

"Hapana," alisema. "Hakuna mtu kule."

"Ulizunguka mpaka nyuma?"

"Nimezunguka, Mwalimu."

Sikuwa na sababu ya kutomwamini. Tulikuwa na kopo jingine chini ya daraja la mtoni, na mto ulikuwa umejaa. Wazo hilo lilitujia sote kwa wakati mmoja. Mama Kinanda alitoka mbio bila kuaga.

Habari zilisambaa upesi. Mjomba wa Kinanda alifunga duka lake la vipuri vya baiskeli, wanaume wakachukua miti mirefu na ngazi, nasi sote tukateremka mtoni. Barabara ya kwenda huko inapita mbele ya kanisa. Tulipita pale tukiwa kundi kubwa, tukiita jina lake, na hatukusimama. Hata Babu Kengele, aliyekuwa amekaa kibarazani kwake ng'ambo ya barabara, alituuliza tunamtafuta nani, na tulipomjibu, alisema, "Basi hapa hayupo, Dira ameshakagua."

Maji ya mto yalikuwa ya kahawia, yakibeba matawi na takataka. Wanaume walijipanga ukingoni wakaanza kuchokoachokoa chini kwa miti. Kila mti ulipokwama kwenye kitu, wote waliinua vichwa. Na kila kitu hicho kilipokuwa gogo, walivishusha tena. Mama Kinanda aliingia majini hadi magotini, kisha hadi mapajani. Mjomba alimshika mkono.

"Dada, toka. Maji yatakuchukua."

"Niache. Kama ameingia humu, mashati ya watu niliyoyanyoosha asubuhi atayapeleka nani?" Alikuwa akisema maneno yasiyopangika. "Alikuwa na njaa. Hakumaliza chakula."

Dira alikuwa amesimama kando yangu. Nilihisi mkono wake ukishika mkono wa shati langu na kuuvuta chini.

"Mwalimu, sikwenda."

"Hukwenda wapi?"

"Kanisani. Leo sikwenda. Na wiki iliyopita sikwenda. Tangu tumzike kaka sijafika kule nyuma. Mbao sijui zikoje."

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini kando ya mto mahali ambapo watu wamenyamaza, sauti ndogo hufika mbali. Mama Kinanda aligeuka. Alimtazama mtoto yule kwa muda ambao sitausahau. Kisha akatoka majini, akampita bila neno, akaanza kupanda kilima akikimbia, gauni lake lililolowa likimganda miguuni.

Tuliporudi kanisani matone ya kwanza ya mvua yalikuwa yameanza kuanguka. Dira ndiye aliyetangulia kuzunguka kona. Alilipita kaburi la kaka yake bila kuligeukia, tope likimmeza viatu kila hatua, na alipofika karibu na kisima alisimama ghafla, akanyoosha kidole.

Kwenye udongo mwekundu, kando ya mbao, palikuwa na kifungo kikubwa cha bluu.

Mbao mbili za katikati hazikuwapo. Zilizobaki zilikuwa nyeusi na laini kama mkate uliolowa. Mjomba alilala kifudifudi, akajisogeza taratibu hadi kwenye ukingo, akamulika kwa simu ya jirani.

"Kinanda! We Kinanda!"

Hakuna jibu. Mama yake alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mjomba aliita tena. Ndipo tuliposikia kutoka chini kitu ambacho hakikuwa neno wala kilio. Kilikuwa mluzi, dhaifu, uliovunjika katikati kama wa ndege aliyepigwa jiwe.

"Yu hai," mjomba alisema. "Yuko kwenye maji. Leteni kamba! Kamba iko wapi?"

Hakuna aliyekuwa na kamba. Waliokuwa na ngazi ndefu walikuwa bado mtoni, ng'ambo ya pili. Babu Kengele alikuwa amefika, akipapasa ukuta kwa mkono, na alikwishaelewa yote.

"Nipelekeni mnarani," alisema.

Nilimshika mkono nikampeleka, vijana wawili wakitufuata. Aliipiga kengele kwa nguvu zake zote, saa ambayo si ya ibada wala ya msiba, mpaka waliokuwa mtoni wakajua kwamba wanaitwa. Kisha akaiachia kamba ile aliyoitunza miaka yote, akasogea pembeni.

"Ikateni."

"Babu, yote?" nilimwuliza.

"Ikateni juu kabisa. Isije ikapungua."

Mjomba alijifunga kamba ya kengele kiunoni, nasi wengine tukaishika. Mikono yetu iliteleza kwa nta na mvua. Aliteremka polepole, akagusa maji, na kwa muda tulisikia tu sauti yake ikibembeleza: "Nishike shingoni. Hivyo. Najua, mwanangu, najua inauma. Nishike." Watu wa ngazi walipofika, walimpandisha kijana yule akiwa amebadilika rangi, meno yakigongana, mguu wa kulia umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

Hakutazama mtu. Alipokuwa akifunikwa koti, alisema jambo moja tu.

"Niliwasikia mkipita barabarani. Niliwaita."

Mfupa wa mguu ulikuwa umevunjika vipande, na maji machafu yalikuwa yameingia kwenye jeraha. Madaktari walimpasua, wakampasua tena. Waliuokoa mguu, lakini haukurudi urefu wake. Kinanda alirejea shuleni muhula uliofuata akitembelea mkongojo, na kwa majuma mengi hakupiga mluzi hata mara moja. Darasa lilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia chaki yangu mwenyewe.

Dira alikuwa amekwenda kumwona hospitalini kesho yake baada ya ajali. Nilimsindikiza kwa sababu aliniomba. Mama Kinanda alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini, akimshonea mwanawe suruali yenye mguu mmoja uliofunguliwa pembeni ili bandeji ipite. Dira alipiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, Mama."

Mama yule aliendelea kushona hadi uzi ukamwishia. Aliukata kwa meno.

"Marahaba. Inuka, sakafu ni chafu."

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Niliwadanganya."

"Ulinidanganya mimi, usoni, mwanangu akiwa shimoni." Sauti yake haikupanda. "Sitakwambia kwamba si kitu. Nikikwambia hivyo, na mimi nitakuwa nimedanganya."

Dira aliinamisha kichwa. Machozi yake yalidondoka juu ya viatu, na viatu vilikuwa bado na tope la jana. Mama Kinanda aliyaona. Aliisukuma suruali kando, akampa nafasi kwenye benchi.

"Kaa. Nakuuliza, na unijibu. Kwa nini hukwenda?"

"Nilikuwa naogopa kupita kwa kaka."

"Kuogopa si kosa. Mimi nilipomzika mama yangu, mwaka mzima sikupita njia ile. Nilizunguka kwa mbali nikichelewa sokoni. Nani angekulaumu? Ungemwambia mwalimu wako, 'Siwezi,' angekwenda mwingine. Ungemwambia yule mzee, 'Sikwenda,' angemtuma seremala. Unaona? Kutokwenda kwako hakukuzivunja mbao zile. Mvua ndiyo iliyoziozesha. Ila uliposema umekwenda, kila mtu aliacha kuangalia. Ulitufunga macho sote, na mwisho ukatutuma mtoni. Mtu akisema kweli kwamba kazi imemshinda, wenzake wataibeba. Akisema imekwisha wakati haijaguswa, hakuna wa kuibeba. Hilo ulishike mpaka uzeeni."

"Nimelishika, Mama."

"Na lile ulilolisema mtoni, mbele ya watu wote, mimi nikiwepo." Alichukua tena sindano, akajaribu kuitunga uzi, ukakosa tundu. "Ungelinyamazia hata kidogo zaidi, ningekuwa nashona sanda. Nitungie huu uzi. Sioni vizuri."

Dira aliutunga uzi. Kisha aliingia wodini peke yake. Walichozungumza na Kinanda sikukisikia, wala sikuuliza.

Mengine ni machache. Fundi mwashi alikifunika kisima kwa zege. Babu Kengele alinunuliwa kamba mpya, ambayo anaipaka nta na kuilalamikia kwamba si nzuri kama ile ya zamani. Mchezo tuliusimamisha muhula mzima. Tulipourudia, nilihakikisha kwamba hakuna mtoto anayekagua kopo peke yake, na mimi mwenyewe nilianza kuwauliza watoto mambo ambayo awali niliyadhani tu.

Dira hupita kwenye kaburi la kaka yake siku nyingi, wakati mwingine akiwa na mama yake, wakati mwingine na Kinanda, ambaye mkongojo wake huacha vishimo vya duara kwenye ule udongo mwekundu. Huyu ameanza tena kupiga mluzi, ingawa si darasani.

Lakini ziko Jumamosi ambazo Dira hafiki kule. Siku hizo huja mlangoni kwangu, viatu vyake vikiwa safi, akasema, "Leo sikwenda, Mwalimu. Nimeshindwa." Nami huchukua mwavuli wangu, nikaenda.